Kambale wa Mirongo

Kisesa tuna ngoma ya karibu kila kiumbe isipokuwa samaki. Sikukuu ya Bulabo inapofika pale Bujora, mwezi wa Juni, Bagalu na Bagika, makundi mawili ya ngoma, wanashindana kama walivyorithishwa na Ngika na Gumha, waganga wa karne ya 19 waliogombania nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watazamaji. Bagoyangi wanaingia uwanjani na chatu shingoni. Chatu anakuwa ametulia tuli, watazamaji ndio wanaotafuta pa kupitia. Banungule, ambao mababu zao waliwinda nungunungu waliokula mazao, nao wana ngoma yao. Nimekua nikiyatazama hayo yote na sijamwona mtu hata mmoja akiingia uwanjani na sangara.

Si ajabu. Msukuma wa kwetu ukimtajia mali, anawaza ng'ombe, mpunga na pamba. Ziwa Victoria lipo, tunaliona, tunalisalimia, lakini kazi ya kuingia humo tuliwaachia Wakerewe, Wakara na Wajita, watu ambao maji hawayaogopi. Ndiyo maana siku niliyoonekana dukani nikinunua mshipi na ndoano, habari ilifika nyumbani kabla yangu. Jirani mmoja, mzee wa heshima, alikuja jioni kunijulia hali. "Mwangaluka" ni salamu ya asubuhi, lakini yeye alinipa ile ya jioni kwa sauti ya msibani, akakaa, akauliza kama kazi bado ipo.

Nilimweleza ninakwenda kuvua kambale mkubwa Mto Mirongo, mjini Mwanza. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Ule unaopita Mabatini?" Nikasema ndiyo. Akaomba maji ya kunywa.

Naomba niutetee mto kidogo. Wenye akili zao huenda Mto Simiyu, njia ya Magu, lakini Simiyu watu wanasema kuna mamba, na mimi nilikwenda kuvua, sikwenda kuvuliwa. Mirongo unakatiza katikati ya jiji, chini ya madaraja na nyuma ya nyumba za watu, ukibeba kila kilichowashinda wenyewe hadi ziwani. Mvua kubwa ikinyesha, maji yakijaa na kuchafuka, kambale hutoka ziwani na kupanda mito kwenda kutaga mahali palipofurika. Tope halimsumbui. Juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia hewa, kwa hiyo maji yakikosa pumzi, yeye huchomoza pua, akavuta yake, akaendelea na shughuli. Sangara angekufa Mirongo. Huyu amezaliwa kwa ajili ya maisha ya mjini.

Basi mvua ilinyesha usiku, nikapanda daladala ya kwanza na ndoo, mshipi, kopo la minyoo na kipande cha sabuni ya kufulia. Sabuni ilikuwa ushauri wa mvuvi mmoja wa soko la Mwaloni, aliyeniapia kwamba kambale haachi sabuni. Kopo la minyoo lilifunguka tulipofika Igoma. Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa amevaa kanga nzuri mno. Nitaishia hapo.

Alfajiri ya Mirongo haina ukimya ule wa kwenye kalenda. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kati ya mto na shughuli za watu, lakini kuna sehemu mto na chumba cha kulala vinatazamana uso kwa uso. Ukikaa ukingoni unasikia redio, unasikia mtoto akikataa kuoga, unasikia ugomvi wa ada unaanzia pale ulipoishia jana. Nilijikunyata ndani ya koti langu la mvua, kofia usoni, nikatupa ndoano. Mlango ukafunguka nyuma yangu, na beseni zima la maji ya vyombo likanipata kisogoni.

"Jamani, samahani baba!" mama akalia. "Nilidhani ni korongo!"

Asiyeijua Mwanza ataona amenitukana. Anayeijua anajua kwamba korongo wetu, wale wenye upara na mfuko chini ya shingo, wanafika kifua cha mtu mzima na wako kila penye jaa. Na kweli, kulipopambazuka niliwakuta wamesimama pembeni yangu, mabega juu, mikono nyuma kama mabwana afya waliokuja kukagua. Mmoja alisogea hatua moja kila nilipogeuka. Nilipoinama kufungua fundo la mshipi, aliokota sabuni yangu, akaimeza nzima, akasimama akiitafakari. Hakuruka wala hakuondoka. Tangu hapo nilimwonea huruma kuliko hasira, na nikavua kwa minyoo iliyobaki.

Kabla ya kambale nilipata magugu maji, kandambili ya mguu wa kushoto na kitu ambacho kijana mmoja wa bodaboda, kutoka juu ya daraja, alikitambua kwa sauti kubwa kuwa ni nepi. Wakati huo darajani palikuwa pameshajaa. Watu wa Mwanza wanawahi kazini, lakini hakuna kazi inayozidi kumwangalia mtu mzima akivua nepi. Kwa hiyo mshipi ulipokakamaa na kuanza kwenda wenyewe, nilikuwa na washauri wa kutosha.

"Legeza, mzee!"

"Asilegeze! Vuta!"

"Hilo ni gogo, braza, kata tu."

Gogo lilipiga mkia. Nilivuta nikiteleza, nikakaa kwenye tope, nikavuta nikiwa nimekaa. Akatoka kambale mweusi, kichwa bapa, sharubu ndefu, urefu wake kutoka begani kwangu hadi kwenye vidole. Spishi hii huweza kuzidi mita moja, kwa hiyo huyu hakuwa mfalme wao, lakini kwa mtu wa Kisesa alitosha kabisa. Daraja zima lilishangilia. Korongo naye alipiga mdomo, ingawa labda ilikuwa sabuni.

Tatizo la kuvua samaki mkubwa katika jiji la samaki ni kwamba hakuna atakayekuamini. Pale Kirumba kuna Mwaloni, soko ambako dagaa na kayabo, yaani sangara wa chumvi, hupakiwa kupelekwa hadi Kongo. Mtu akionekana na ndoo yenye mkia, kila mmoja anajua alikotoka. Niliingia kwenye daladala nikiwa na tope hadi masikioni, na konda swali lake la kwanza likawa, "Umemchukua kwa bei gani, mzee?"

"Nimemvua."

"Sawa. Lakini kwa bei gani?"

Abiria wakachangia. Mmoja alikadiria, mwenzake akasema nimepigwa, wa tatu akasema ningesubiri hadi saa tatu bei ishuke. Baba mmoja mwenye kalamu mfukoni aliniuliza kwa upole kama ninajua sangara chini ya sentimeta 50 haruhusiwi. Nikamwambia huyu ni kambale. Akasema alikuwa ananielimisha tu.

Dereva akakanyaga breki Buzuruga, ndoo ikapinduka. Kambale huweza kutambaa nchi kavu palipo na unyevu, akijisukuma kwa mapezi ya kifuani, na sakafu ya daladala siku ya mvua ina unyevu wa kutosha. Alipita chini ya siti, watu wakapanda juu ya siti. Mwanamume mmoja alitoka kwa dirisha gari likiwa limesimama, mlango ukiwa wazi. Aliyemkamata ni bibi mmoja wa makamo, kwa mkono mmoja, nyuma ya kichwa pale anaposhikwa kambale asikuchome kwa miiba yake. Akanirudishia akisema, "Siku nyingine, mwanangu, wanunue waliokufa."

Nyumbani mama mwenye nyumba alinipokea uani. Yeye ni Msabato imara, na Walawi sura ya 11 inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba. Kambale mapezi anayo, magamba hana. Alisema kwa heshima zote kwamba sufuria zake zisihusike. Mke wangu alimtazama samaki, akanitazama mimi, akanusa.

"Baba watoto, umemnunua wapi?"

Tulimkaanga kwa jirani, yule mzee wa heshima. Alikula sehemu ya kichwa, akasifu sana, akaniambia samaki wa Mwaloni siku hizi wameongezeka utamu.

Nina ombi moja kwako, msomaji. Ukipanda daladala ya Kisesa asubuhi ukamkuta mtu mwenye tope na ndoo inayotikisika, usimuulize bei. Muulize mto.