Filta ya Kudumu

Wauzaji wa filta ya hewa ya gari, ile ya pamba ya kufuliwa, wanatuambia: nunua mara moja, osha, paka mafuta, dukani hurudi tena. Hongera zao, ila sisi wa kijijini Chiwata tulishafika huko zamani. Ile ya karatasi, ya kutupwa, tunaigonga kwenye tairi, fundi anaipuliza upepo, inarudi kazini hadi korosho za mwaka ujao. Karatasi ikichanika, injini inakula vumbi bila kunawa. Hiyo ya pamba inataka maji, dawa yake na subira ya kukauka; huko Newala maji yenyewe yanapandishwa kwa pampu kutoka chanzo cha Mitema. Tena mafuta yakizidi, sensa ya hewa inachafuka. Ndugu mwenye gari, nunua ya karatasi, na ikichoka, itupe kweli.