Namna ya Kununua Regulata ya Mita 100 Ukiwa Bado Mzamiaji wa Mita 18

Umepata cheti cha kwanza, kile cha kufika mita 18, na tayari moyo wako uko mita 100. Hongera. Mzamiaji wa siku hizi hanunui kifaa cha pale anapozamia. Ananunua cha kule atakakozamia siku moja, Mungu akijaalia na nyumbani wakikubali. Mwongozo huu ni wa kukuchagulia regulata, kifaa kinachokuletea hewa ya mtungini, kwa ajili ya uzamiaji wa kiufundi: ule wa kupita mita 40, wa kuingia mapangoni, au wa kukaa chini mpaka usiweze tena kupanda moja kwa moja bila kusimama njiani mwili utoe naitrojeni.

Anza na titani. Ni nyepesi, haishikwi na kutu, na ukiiweka juu ya meza ya chai Nungwi, Zanzibar, lazima mtu aulize. Ina kasoro moja ndogo. Wazamiaji wa kiufundi wakati wa kupanda hubadilisha gesi. Wengi huvuta mchanganyiko wa oksijeni asilimia 50 kuanzia mita 21, kisha oksijeni tupu kwenye mita 6. Titani ikikutana na oksijeni nyingi yenye shinikizo inaweza kuwaka moto, ndiyo maana hushauriwa isitumike na gesi iliyozidi asilimia 40 ya oksijeni. Yaani hiyo kesho uliyoinunulia ndiyo itakayoikataa. Shaba iliyopakwa kromu, ambayo wenye kazi yao wanaitumia, ni nzito na haiulizwi na mtu.

Dai pia kinga ya baridi kali, ile inayozuia regulata isigande kwenye maji ya chini ya nyuzi 10. Maji ya Mnemba hata Agosti huwa kwenye nyuzi 25 hivi, lakini dunia inabadilika. Wabishi watakwambia kinga hiyo huzuia mchanga na chumvi pia. Ni kweli, ila muuzaji hakukuonyesha mchanga, alikuonyesha picha ya barafu.

Sasa tuje kwenye kufunga regulata mtungini, maana hapa ndipo watu hugombana. Njia ni mbili. Ipo ya kibano, inayokumbatia vali kwa nje, na ipo ya DIN, inayozungushwa ndani ya vali kama skrubu. Ya DIN huifungia ndani oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, haitoki kirahisi regulata ikigonga mwamba, na ipo ya mitungi ya hadi bar 300, wakati kibano mwisho wake ni 232. Kwa mambo ya kiufundi hakuna mjadala: DIN. Basi inunue, panda boti, ukute mitungi yote iliyopangwa ni ya kibano. Mzamiaji wa kejeli atasusa. Mwenye akili atakuwa na adapta mfukoni, au atamwomba kijana wa boti afungue kile kipande cha katikati ya vali kwa ufunguo wa pembe sita, maana vali nyingi hutengenezwa zikubali njia zote mbili.

Usisahau mpira mrefu wa hewa, wa mita 2.1. Ulienea kutoka kwa wazamiaji wa mapango ya Florida, ili mmoja akiishiwa hewa wagawane huku wakipita pembamba kwa kufuatana. Wewe uzungushe shingoni ukaangalie kasa. Meli ya MV Dania, iliyozamishwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002, iko kwenye mita 30 hivi na hufikiwa na watu wenye regulata za kukodi, hao wapuuze.

Jambo ambalo dukani halitajwi kabla hujalipa: regulata moja haitoshi. Mitungi pacha ya mgongoni inahitaji hatua za kwanza mbili, yaani ile sehemu ya regulata inayofungwa mtungini, ili moja ikiharibika uifunge uvute kwa nyingine. Kila mtungi wa gesi ya kupandia unataka yake. Ukibeba miwili ya kupandia, ulichonunua leo kwa mshahara wote ni robo.

Halafu kuna matengenezo. Oringi huchoka, viti vya vali huliwa, na watengenezaji hutaka kifaa kifunguliwe kila mwaka au miwili kulingana na aina. Hapa mwongozo wa kejeli unashauri ununue muundo adimu kabisa, ambao vipuri vyake vinaagizwa kutoka ng'ambo, vinakaa forodhani, na vikifika fundi anakuta ni vya toleo jingine. Wewe wakati huo utazamia kwa kifaa cha kukodi, na utashangaa kwamba hewa inatoka vilevile. Mzamiaji Jacques Cousteau na injinia Émile Gagnan walipotengeneza regulata yao mwaka 1943, Gagnan alianzia kwenye vali ya gesi ya magari ya wakati wa vita. Fahari ya titani haikuwepo.

Ukichoka kejeli, nunua ya shaba, ya DIN, iliyosawazishwa ili uvutaji usiwe mgumu mtungi unapopungua, yenye matundu ya kutosha kupanga mipira utakavyo, na ambayo utaweza kupata pacha wake miaka mitano ijayo. Kabla hujatoa pesa, mpigie fundi wa pwani yako umtajie jina la regulata hiyo. Akikuuliza mara mbili umesema nini, usinunue.