Namna ya Kuifufua Bondeni kwa Soksi na Godoro

Anza na godoro. Sponji kuukuu, lile lililotupwa nje ya ploti mpangaji alipohama usiku, hutoa vichwa vinne au vitano vya vikaragosi ukiwa na wembe mkali na subira. Chonga pua kwanza. Mtazamaji aliyesimama nyuma kabisa haoni macho, huona pua na mdomo unaofunguka. Nguo zitafute kwenye mitumba, wala usishone mpya: kikaragosi wa Nakuru ya mwaka 1963 akitokea na shati linalonukia dukani, mzee aliyekuwepo atanyanyuka aende zake, na atakuwa na haki.

Sasa chagua wahusika. Mpiga gitaa atajileta mwenyewe, humkosi. Mwanasoka naye lazima awepo, kwa maana ligi ya kwanza ya taifa, mwaka huo huo wa 1963, ilichukuliwa na Nakuru All-Stars, na wakarudia mwaka 1969. Mfanyie bondia glavu za soksi nyekundu zilizojazwa pamba, kwa heshima ya Philip Waruinge, kijana wa Nakuru aliyerudi na shaba kutoka Olimpiki za Mexico mwaka 1968, akapewa na kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote, kisha akaleta fedha kutoka Munich mwaka 1972. Ongeza mchora mabango ya maduka, ongeza mshona suti wa baraza la duka la Mhindi. Hawa ndio watu ambao mji wetu ukijisifu huwataja.

Lakini mhusika mkuu awe Kodi ya Nyumba.

Nakusihi usilipite hili. Watu wanaoikumbuka Bondeni ya zamani, na Kaloleni, na Flamingo, mitaa ya Nakuru, huzungumza kana kwamba vipaji vilichipuka ardhini vyenyewe. Havikuchipuka. Nyumba za manispaa zilikuwa za chumba kimoja, kodi yake kibarua aliimudu, na baada ya kulipa kilibaki cha kununulia nyuzi za gitaa. Jioni zilibaki pia. Kijana asiyelazimika kufanya kazi mbili ili alale ndani ana saa za kupiga mfuko wa mazoezi. Kwa hiyo mtengeneze Kodi kwa mfuko mrefu wa kitambaa uliotiwa pete za waya, kama bomba linalokunjika. Onyesho la kwanza akae kwenye kiganja, kwenye ukingo wa kitanda, akisikiliza gitaa pamoja na wengine. Kila onyesho mnyooshe kidogo. Asiseme neno hata moja. Kufikia mwisho awe amejaza jukwaa lote, na mmoja baada ya mwingine wenzake wadondoke pembeni kwa kukosa pa kusimama: mpiga gitaa aangukie Kaptembwo, mshona suti apotelee Pipeline, bondia awe bawabu wa gorofa iliyojengwa alipokuwa akifanyia mazoezi.

Hapo watazamaji watalia, nawe utajaribiwa kuwaacha walie. Usikubali. Mtoe mama wa sponji mwenye kanga na ndoo, amkabili mpiga gitaa: wewe uliwahi kupanga foleni ya choo cha ploti saa kumi na moja alfajiri, mtoto anaharisha mgongoni? Bondeni leo ina mradi wa serikali wa nyumba 605, na choo kiko ndani. Mama huyo anakitaka choo hicho kwa moyo wake wote. Anachouliza ni kama jina lake litakuwa kwenye mlango wowote kati ya hiyo 605. Mwache aulize mara tatu, na Kodi anyooke kila anapouliza.

Weka pia askari wa kikoloni mwenye kuulizia kipande, kwa kuwa mtaa huu tunaouonea shauku ulianza kama sehemu waliyotengewa Waafrika, wazungu wakiwa Milimani kwenye miti na upepo. Na ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, zisirukwe. Mji ambao Mluo, Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya na Mnubi walicheza timu moja ndio huo huo ambao majirani walihamishana kwa mapanga. Onyesho hilo lifanye bila muziki, kwa vikaragosi viwili tu na mlango mmoja.

Upumzishe umati kwa flamingo. Soksi ndefu ya waridi, waya wa hanga ndani ya shingo, umemaliza. Huyu naye ni mpangaji aliyehama: maji ya Ziwa Nakuru yalipanda, chumvi ikapungua, mwani anaokula ukaadimika, akaenda Ziwa Bogoria. Maji hayo hayo yaliingia nyumba za watu Mwariki. Watoto watacheka shingo ikikwama kwenye mlango wa matatu.

Ukiulizwa kwa nini vikaragosi na si waigizaji, una jibu la Kenya kabisa. Tangu katikati ya miaka ya 1990, kundi la CHAPS lilizunguka na vikaragosi kuzungumzia ukimwi mbele ya wakwe na wazee, mambo ambayo mtu wa nyama asingethubutu kuyataja hadharani. Mwaka 2009 mchora katuni Gado akaanzisha XYZ Show, na wakubwa wa nchi wakaonekana kwenye televisheni wakiwa wa mpira. Kikaragosi anaruhusiwa. Landilodi anayemfokea mpangaji kwa swali la kodi humcheka mama wa sponji akiuliza lile lile, halafu kicheko kinamkatika.

Igiza uwanjani mtaani, saa kumi na moja jioni, watoto wametoka shule na giza bado. Shuka la jukwaa likazwe kwa mawe, kwa ajili ya upepo na vumbi. Usitoze kiingilio, kila mtu aje na kigoda chake. Mwisho, kabla hujafungua shuka, waite wazee waliokaa hapo wakuambie ulipokosea: gitaa lilipigwa baraza gani, nani alikuwa nambari tisa, kodi ilikuwa shilingi ngapi. Watabishana mpaka usiku. Andika yote, na igizo la Jumapili lisifanane na la Jumamosi.