Kitenzi Kinachobebesha Mimba

Kitenzi cha Kiingereza expect, kikitumika katika umbo la expecting na kuachwa bila yambwa, humpa msemaji mimba. Jinsia haizingatiwi. Juzi tu karani mmoja wa kiume, mwenye ndevu, aliulizwa na mgeni kwa nini haendi kula mchana. Alikuwa anasubiri kasha la vipuri kutoka bandarini, akajibu kwa kujiamini: "I am expecting." Ofisi ikanyamaza. Mgeni akamvutia kiti. Angetaja hilo kasha tu, angebaki karani. Sasa wenzake wanamuuliza ni mwezi wa ngapi.

Asili ya kitenzi hiki ni Kilatini, exspectare, kutazama nje, kama mtu wa barazani anayechungulia njia. Kiswahili nacho kimepata tazamia kutoka tazama, kwa hiyo picha yenyewe si ngeni. Shida ni majirani wa expect. Anayesema wait yuko kituoni na muda unampita. Anayesema expect huenda bado yuko kitandani: anaamini basi litakuja, na ana sababu ya kuamini. Wa hope hana sababu yoyote, anamwachia Mungu. Look forward to huongeza furaha, ndiyo maana anayeitumia kwa mazishi ya mkwewe huangaliwa kwa jicho baya.

Maana ya pili ni kudai, na hiyo ina historia yake baharini. Tarehe 21 Oktoba 1805, muda mfupi kabla ya mapigano ya Trafalgar, Admirali Nelson alitaka kuwaambia mabaharia wake kwamba England ina imani kila mtu atatimiza wajibu. Ujumbe ulipandishwa mlingotini kwa bendera. Katika kitabu cha ishara cha Popham maneno ya kawaida yalikuwa na namba zake, kila tarakimu bendera moja: expects ilikuwa 269, bendera tatu, neno limekwisha. Neno lisilokuwamo liliendelezwa herufi kwa herufi, huku adui akisogea. Confides, neno alilolitaka Nelson, halikuwamo. Luteni Pasco, msimamizi wa ishara, akaomba aweke expects badala yake, na Nelson, aliyekuwa na haraka, akaridhia. Duty nayo haikuwamo, lakini haikupata mbadala, ikaendelezwa yote. Hivyo ndivyo imani ilivyogeuka dai, kwa sababu ya kubana bendera. Inasimuliwa kwamba Collingwood, msaidizi wa Nelson, alipoona bendera zinaanza kupanda alinung'unika kuwa wanajua vya kutosha la kufanya, laiti Nelson angeacha kuwapigia ishara.

Matumizi mengine ni mepesi. I expect so ya Waingereza ni "nadhani ndivyo". Expectations katika jina la riwaya ya Dickens ya 1861 ni mali ambayo kijana anategemea kuipata.

Maana ya kuamini na maana ya kudai hukutana kwenye ubao wa matangazo wa kazini, na hapo kicheko hukauka. "Wafanyakazi wote wanatarajiwa kufika saa moja na nusu" ni Kiingereza kilichovaa kanzu, tena ni amri isiyo na mwenyewe. Anayetarajia hatajwi popote, ila anayechelewa huandikwa majina yake matatu na kukatwa posho. Karatasi ya pembeni yake inasema mishahara inatarajiwa tarehe 28. Kitenzi ni kilekile, lakini safari hii hakimbani mtu: tarehe 28 ikipita, hakuna aliyechelewa, hakuna anayekatwa, na mhasibu hujibu kwamba ilitarajiwa tu. Mwenye nyumba, ambaye hajasoma sarufi, anataka kodi yake tarehe moja.

Anayetoa amri na aandike "lazima", kisha atie sahihi. Na anayeahidi mshahara naye atumie neno hilohilo.