Fukuto la Mgeni Rasmi

Tangu jana saa tatu usiku mimi ni stika. Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kaikata picha yangu ya kumaliza mbio, kaondoa uwanja na watu wote, kaniacha peke yangu: mdomo wazi, jicho moja limefumba, fulana upande wa kulia nyeupe, upande wa kushoto nyeusi tii kama sufuria ya msibani. Shangazi keshaitumia kulalamikia bei ya mchele. Mjomba kaagia nayo usiku mwema. Sasa niacheni nieleze ule weusi ulitoka wapi, maana kila anayeuliza anakuja na jibu lake mfukoni.

Mbio zilikuwa za kilomita kumi, hapahapa Kibiti, zianze saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo, hata Februari, jua bado lina haya. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa uwanjani, namba zimebanwa kifuani kwa pini, tukaambiwa mgeni rasmi yuko njiani. Mtu akiwa njiani, kwa Kiswahili chetu, anatafuta sabuni aingie kuoga. Saa moja mshereheshaji akatupanga mistari tupashe mwili moto. Tukaruka, tukazungusha viuno. Saa moja na nusu akatupasha tena. Saa mbili akatupasha mara ya tatu, japo jua lilikuwa limeshaichukua kazi yake. Mgeni akafika saa mbili na robo. Itifaki ikazingatiwa, cheo baada ya cheo, tukahutubiwa kuhusu afya, na saa mbili na dakika arobaini akapunga bendera, akakimbia nasi mita hamsini mbele ya kamera, akaingia kwenye gari la kiyoyozi.

Hapa nisimame kidogo nizungumzie jasho, kwa sababu nimelisoma siku tatu nikiwa nimelala chali, na nyumbani hakuna anayetaka kusikia.

Bibi yangu alikuwa na mtungi uliokaa pembeni ya mlango, umezikwa kidogo kwenye mchanga. Ukiupapasa ubavuni, kiganja kinaloa. Ule mtungi ulitoka jasho: maji yalipenya kwenye vitundu vya udongo, yakafika nje, yakakauka, na yalipokauka yaliondoka na joto. Yaliyobaki ndani yakapoa. Mwili nao ni mtungi. Misuli ya mtu anayekimbia hugeuza kama robo tu ya nguvu inayotumia kuwa mwendo. Inayobaki ni joto tupu, yaani unakimbia umebeba jiko tumboni. Lita moja ya jasho ikikaukia yote juu ya ngozi huondoka na joto la kutosha kuchemsha lita saba za maji. Lita saba! Nilipiga hesabu mara mbili. Lakini sharti likauke. Jasho linalodondoka chini halijapoza kitu, ni mshahara ulioliwa njiani. Na sisi tuko wapi? Huko mbele delta nzima ya mikoko na maji, mashamba ya mpunga, na kaskazi inayotuletea hewa iliyokwisha shiba bahari. Hewa hiyo tone lako italiweka wapi? Dodoma jua linaweza kukupiga na shati likakukaukia mgongoni. Huku jasho linatoka, linakaa, linakutazama. Ndilo fukuto.

Mwaka mmoja, kuelekea Idi, binamu yangu aliupaka ule mtungi rangi ya mafuta, ya kijani, upendeze. Ukapendeza kweli. Maji yakawa vuguvugu. Bibi hakumgombeza, alimchotea kikombe, akamkalia mbele mpaka akamaliza. Basi fulana tuliyogawiwa ilikuwa ya nailoni nzito, na kifuani imebandikwa nembo ya plastiki iliyoshuka mpaka kitovuni. Nilipoivaa tu nikamkumbuka binamu.

Mwaka 2019, kwenye mashindano ya dunia ya riadha Doha, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa sita usiku ili kukwepa joto. Hata hivyo, kati ya wakimbiaji 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Wenzetu walilikwepa jua. Sisi tulilisubiri, likafika, tukalipigia makofi.

Kilomita tatu za kwanza sina ugomvi nazo. Ya nne, lami ya Barabara ya Kilwa ilianza kunipikia nyayo kwa chini, huku mabasi ya Lindi na Mtwara yakinipulizia kwa ubavuni. Hapo nikapishana na walioongoza, wanarudi. Wa kwanza hakuwa na namba. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minne hivi, pekupeku, ndala kazishika mkononi kama mtu anayeogopa kuzichakaza, na anapumua kwa pua. Nikafika kwenye kigeuzio nikiwaza maji. Meza ipo, kitambaa kipo, chupa tupu zipo. Binti wa kamati akaniambia kwa upole, "Yameisha, kaka. Yaliyobaki ni ya meza kuu."

Kilomita ya saba nikaielewa Königsberg. Ile manowari ya Wajerumani ilikimbilia delta yetu mwaka 1914 mitambo ikiwa imeiharibikia, ikajichimbia kwenye mikoko, vyuma vyake vikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu vikatengenezwe. Haikutoka tena, Julai 1915 ikazama humuhumu. Mimi mikoko ilikuwa mbali, nikajiegemeza kwenye mkorosho.

Ndipo akanipita mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Niseme vizuri: anasukuma, kwa miguu, na akanipita. Akasimama mbele, akageuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Narudi nilikotoka."

"Huko ulikwenda kufanya nini?"

"Kugeuza."

Akafikiri. "Wanakulipa?"

"Nimelipa mimi."

"Shilingi ngapi?"

"Elfu thelathini."

Akanyamaza kwa muda mrefu, wa mtu anayehesabu magunia kichwani. Kisha akafungua dumu lake, akanimiminia utosini maji yenye harufu ya mafuta ya taa, na sijapata kuonja kitu kitamu kama kile kilichonitiririkia mdomoni. "Shika gunia," akasema. Nikashika. Miguu ilipolegea nikaegemea. Hivyo ndivyo tulivyokuja, yeye na baiskeli upande mmoja, mimi na mkaa upande wa pili, mpaka uwanja ulipoonekana na akaniachia nimalizie mwenyewe, kwa heshima yangu.

Mshereheshaji akaniona. "Anaingia Akhwari wetu!" John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limeumia na limefungwa bandeji. Mimi nilikuwa na kitambi na masizi. Kamera ikalia.

Yule kijana wa ndala nikamkuta nje ya kamba. Watu wakanieleza kwamba aliongoza mpaka zikabaki mita ishirini, ndipo wenye vizibao wakamtoa njiani kwa kumshika mkono, kwa sababu hana namba na ataharibu picha ya utepe. Namba ni ile elfu thelathini. Kwao nani ana elfu thelathini ya kukimbilia barabara anayoipita kila siku kwenda shule bure? Mbio zimeletwa kwetu, kwenye jua letu, halafu mtoto wetu anashikwa mkono kama kibaka wa sokoni, na mtu aliyekimbia mita hamsini anavishwa medali shingoni. Nimeona kwa macho yangu. Maji ya meza kuu nayo nimeyaona, katoni nne, mbili hazijafunguliwa. Nilitaka kusema kitu. Nikaketi chini.

Medali zilikuwa zimeisha. Bodaboda alinikataa, nitachafua siti. Kucha mbili zimeng'oka. Ofisini Jumatatu nilipanda ngazi kinyumenyume.

Leo asubuhi yule mzee kapita mtaani kwetu anauza mkaa. Nikatoka na debe. Akanitambua kwa mwendo.

"Ile elfu thelathini wamekurudishia?"

"Bado, mzee."

Akanipimia debe, akaongeza viganja viwili juu. "Hiyo ya fulana," akasema, akaendelea kusukuma.