Anauza Nini?

"Anauza nini?" aliuliza mzee wa Nkhotakota, kwa Kichewa, nilipomaliza kumwamkia kwa Kiswahili nilichokuwa nikikinoa tangu tulipotoka kambini kwetu Dowa. Wala hakuniuliza mimi. Alimwuliza kiongozi wa msafara, na wanakwaya wenzangu wakacheka hadi wengine wakajishikiza kwenye mti.

Mti wenyewe ndio ule mtini ambao husimuliwa kwamba Livingstone alikutana na Jumbe chini yake. Wenzangu ndio walionisukuma mbele: "Kaka, huu mji wa Waswahili, ongea wewe." Hawakukosea. Mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, alifika hapa kando ya Ziwa Malawi miaka ya 1840, akajiita Jumbe, na Majumbe wanne wakafuatana mpaka Waingereza walipomwondoa wa mwisho miaka ya 1890.

Tazama biashara yao ilivyopangwa. Nguo na baruti zilitoka Kilwa kwa miguu hadi ng'ambo ya ziwa, ambako leo ni Msumbiji, kisha zikavushwa kwa jahazi. Jahazi halikuletwa kutoka pwani: mwaka 1863 Livingstone aliwakuta Waarabu wakiliunda papo hapo ufukweni. Upande huu watu na pembe za ndovu vilikusanywa, vikangoja chombo. Baada ya kuvuka, mateka akatwishwa pembe, akatembea nayo hadi baharini, na huko vyote viwili vikauzwa. Mzigo ulibeba mzigo. Mwenye mali hakulipa hata mchukuzi. Nilisimama pale nikistaajabia akili iliyobuni hesabu hiyo, kisha nikaona haya kwa kustaajabu.

Maana Kiswahili changu nacho kilisafiri hivyohivyo. Misafara ya wafanyabiashara wa watumwa akina Tippu Tip ndiyo iliyokifikisha Nyangwe na Kasongo, kwetu Kongo, kikawabakia babu zetu baada ya wenye bunduki kwenda zao. Hapa Nkhotakota kimefifia. Waliobaki nacho ni sisi tuliobebeshwa, na tukikitamka tunaulizwa bei. Mtoto wa kiongozi wetu alisema "Salaam alaikum" tu, akajibiwa kwa tabasamu na kupewa muwa.

Lakini mzee simlaumu. Mkongomani mwenzangu anayemfahamu ni yule wa dukani. Kinachonikera ni kingine. Jumbe alivuka ziwa zima na baruti asiulizwe karatasi. Sisi wakimbizi, kwenda tu kuutazama mji wake na kurudi, tuliandikwa majina, tukagongewa muhuri, tukapangiwa saa ya kurejea. Kambi yetu, Dzaleka, ilikuwa jela kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, na kuna siku naona taarifa ya mabadiliko hayo haijawafikia wote. Mtu amezaa humo, mwanawe amezaa humo, na bado kwenda ziwani ni jambo la kuombewa ruhusa. Kwa ajili ya saa hiyo ya kurejea, tawala nne za Majumbe tulizimaliza kwa mwendo wa kukimbia, na kanisa la Watakatifu Wote tuliliona kupitia dirisha la basi.

Mengine ni madogo. Ndala yangu ilikatika. Dereva, kijana wa Area 49 ya Lilongwe, alikesha kwenye foleni ya petroli Salima. Samaki aina ya chambo tulionunua wakaharibika, na saa ya kurejea ikapita tukiwa tumelala vitini.

Kibali peke yake kilifika bila mkunjo. Katika msafara mzima, hakuna mtu aliyetunzwa kama karatasi ile.