Stelingi Hafi

Vigae vya bafuni vikishalowa povu la sabuni havichagui mkubwa wala mdogo. Viliniangusha asubuhi na mapema, mguu wa kulia ukafungwa hogo, na daktari akaagiza nikae kitako mwezi mzima. Moyoni nikaona neema imenishukia: nitatazama picha zote ambazo miaka nenda miaka rudi nimekuwa nikisema nitazitazama. Kijana anayejaza muvi pale kituoni alinijazia flashi mpaka ikagoma. Kisha Shangazi akaja kutoka Tanga kuniuguza. Akaketi kwenye kochi, akauliza rimoti iko wapi, na mwezi ukawa wake.

Shangazi si mshamba wa sinema. Usichana wake aliula Dar, enzi za Drive-In ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa, ambako Jumapili watu walikwenda ukoo mzima kutazama picha la Kihindi. Kutoka huko alibeba sheria moja, ileile anayoijua kila aliyewahi kubanana kwenye kibanda umiza: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa korongoni, lakini hafi. Anayekufa ni adui, tena mwishoni, baada ya kutuchosha.

Balaa ni kwamba flashi yangu ilijaa mastelingi marehemu.

Tulianza na Sholay, ya mwaka 1975, ambayo ni saa tatu na ushei. Watoto wa jirani walishajaa mkekani. Shangazi hajui Kihindi hata cha kuombea maji, lakini aliwatafsiria bila kupepesa macho. Mimi nilikuwa nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, kwa hiyo nilikuwa natazama picha mbili kwa mpigo. Katika yangu, Thakur, yule mzee aliyekatwa mikono, anataka kulipiza kisasi kwa jambazi Gabbar Singh. Katika ya Shangazi, ugomvi ulikuwa wa shamba.

Ila kuna mahali alinipiku. Jai, mmoja wa mastelingi wawili, anakwenda kwa Mausi, mama mdogo wa binti, kumposea rafiki yake Veeru. Anaanza kwa kumsifu, halafu kila akiulizwa swali anazidi kumchimbia kaburi: kijana mzuri, ila kamari kidogo, kamari yenyewe hachezi mpaka alewe, na akishalewa, basi tena, miguu humpeleka kwa wale wanawake. Yote haya anayasema kwa uso wa mtu mwema kabisa. Shangazi, ambaye amesimamia posa nyingi kuliko shehe wa mtaa wake, hakuhitaji tafsiri. Aliinuka kwenye kochi. "Mshenga gani huyu? Si bora angetuma barua!" Kwangu mimi, hapo ndipo penye utamu wa Sholay, si kwenye risasi, na nilifurahi kupata mwenzangu.

Saa ya tatu Jai akafa. Mkononi mwake Veeru akaikuta ile sarafu waliyokuwa wakiirusha kuamua mambo, kumbe pande zote mbili ni kichwa. Mimi koo limenikaba. Watoto wote wakamgeukia Shangazi.

"Stelingi ni yule mwingine," akasema. "Hamwoni ndiye anayeoa?"

Tukalala salama. Lakini mwaka huohuo wa 1975 Amitabh Bachchan, yuleyule aliyekuwa Jai, alikufa tena, kwenye Deewaar, amepigwa risasi na mdogo wake askari, akakatia roho hekaluni mikononi mwa mama yao. Mtoto mmoja wa darasa la nne, ambaye naona kabisa atakuja kuwa wakili, akauliza, "Bibi, na huyu?" Jibu likatoka papo hapo: stelingi ni mama. Kwenye Gladiator, Maximus alipoanguka mchangani, Shangazi alimwona anarudi kwa mkewe na mwanawe. "Mtu amekwenda kwake. Kifo kiko wapi hapo?"

Terminator 2 ilikuwa ya kutafsiriwa, ile ya sauti ya mtu mmoja inayosema kila kitu na kuongeza ya kwake, kazi iliyompa Lufufu jina hapa kwetu na DJ Afro huko Kenya. Ikawa vita. Mtafsiri akisema hivi, Shangazi anasema vile, na Schwarzenegger katikati, mtu wa maneno machache, hasemi kitu. Aliposhushwa kwenye chuma kilichoyeyuka nikajua leo sheria imevunjika. Wakili akakohoa. Shangazi akamtangulia: "Ile mashine. Mashine haifi, inazimwa."

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilimboa kidogo, maana wanasema Kiswahili na hakukuwa na mtu wa kutafsiriwa. Alijiliwaza kwa kubishana na vichochoro vya Unguja.

Halafu tukafika Titanic. Rose alipoanza kufungua vazi lake ili achorwe, nilibonyeza rimoti. Betri zimekufa. Nikaipiga pajani, nikaipiga kwenye hogo, wapi. Mimi siwezi kuinuka, Shangazi aliweza. Alivua kanga ya begani akaifunika runinga, akasimama mbele yake kama askari wa getini, sisi tukabaki na sauti ya piano. Hakuitoa hata pale penye gari, na hapo naungana naye. Ilipofunuliwa, meli ilishagonga barafu.

"Bibi, walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanapigwa picha za pasipoti."

Jack alipobaki majini na Rose juu ya ubao, chumba kizima kilinyamaza kusubiri hukumu. Shangazi amezaliwa Pangani, anajua maji. Alisema ubao ule unabeba wawili wakikaa vizuri, na usipobeba, wangepokezana. Nikamwambia watu wamelibishania jambo hilo tangu 1997, mpaka James Cameron mwenyewe akafanya majaribio na watu wawili kwenye maji ya baridi, yakaonyeshwa 2023, na kuna namna moja waliyokaa ambayo ilionyesha Jack huenda angepona.

"Angeniuliza mimi," akasema, "asingelowesha watoto wa watu."

Hogo lilipofunguliwa akarudi Tanga, na flashi akaondoka nayo. Juzi kanipigia simu. Amewakusanya mashoga zake sebuleni, amewaonyesha ile ya meli.

"Wakasemaje alipokufa Jack?"

"Afe wapi, baba? Nilizima pale walipoufikia ubao."